Utitiri wa vumbi: kidudu cha godoroni kisichouma

Utitiri wa vumbi ni vidudu vyenye urefu wa kama robo ya milimita, kwa hiyo jicho tupu haliwaoni. Wana miguu minane, na ukoo wao ni wa kupe na buibui. Hawaumi wala hawanyonyi damu. Ukiamka na vipele vilivyojipanga mstari mgongoni, mtafute kunguni.

Chakula chao ni ngozi yetu iliyokufa, ule ungaunga unaopukutika tukijikuna au tukijigeuza usingizini. Ndiyo maana hukaa kwenye magodoro, mito, mablanketi, mazulia na makochi ya kitambaa. Maji hawanywi, huyafyonza kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 50 na kubaki hivyo kwa muda, hukauka wakafa.

Hapo ndipo sisi wa Unguja na Pemba tunapobanwa. Masika yakiingia, kuanzia Machi hadi Mei, nguo hushika ukungu kabatini, chumvi hulowana koponi, na kuta za nyumba kongwe za mawe na chokaa hazikauki. Hali hiyo ndiyo wanayoitaka. Basi tusimcheke mtu kwamba nyumba yake chafu: hata chumba kinachofagiliwa asubuhi na jioni huweza kuwa nao tele, maana ufagio hauingii ndani ya godoro la sufi.

Kinacholeta madhara zaidi ni mavi yao, kuliko wao wenyewe. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, Voorhorst na Spieksma, ndio walioonyesha mwaka 1964 kwamba mzio wa vumbi la nyumbani unatokana hasa na utitiri. Vipande vya mavi hayo ni vidogo mno, hurushwa hewani ukitandika kitanda au ukijitupa juu ya mto, kisha huvutwa puani. Mwenye mzio, mwili wake huzichukulia protini zilizomo kama adui: chafya za alfajiri, pua kuziba, macho kuwasha, na kwa mwenye pumu, kifua kubana. Baadhi ya protini hizo ni vimeng'enya vinavyomega protini nyingine, kwa hiyo huidhoofisha ngozi iliyokwisha kupasuka. Mtoto mwenye pumu ya ngozi hujikuna zaidi kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na kila akijikuna ngozi hufunguka zaidi. Watu husema ana damu chafu, lakini damu haina kosa hapo.

Wala usichanganye na upele. Huo pia huletwa na utitiri, ila wa aina nyingine, anayechimba ndani ya ngozi na kuambukiza nyumba nzima. Dawa yake ni tofauti.

La kufanya? Jua. Toa godoro na mito nje siku ya jua kali, anika upande mmoja kisha geuza, halafu pigapiga vumbi litoke. Kazi hiyo asiifanye mwenye pumu. Jua huua utitiri, lakini mavi hubaki, ndiyo maana shuka na foronya zifuliwe kila wiki, kwa maji ya moto ya nyuzi 60 kama yanapatikana. Midoli ya kitambaa itie ndani ya friza siku nzima, kisha uifue. Chumbani mkeka hupangusika, zulia halipangusiki. Piga deki badala ya kufagia pakavu. Madirisha yafunguliwe mchana kukiwa na upepo mkavu. Udi na ubani vinanukia vizuri, sina ugomvi navyo, ila haviui utitiri, na moshi wake humchokoza mwenye pumu.

Yote haya hupunguza utitiri, hayawamalizi. Mtoto ambaye kifua chake hulia filimbi usiku apelekwe kwa daktari, na dawa yake ya kuvuta isiachwe kwa sababu tu godoro limeanikwa.