Tume ya Haki za Binadamu haifungi mtu
Pale Mwanga, Kigoma, wawili wakigombana utasikia: "Nakupeleka Tume, utafungwa!" Hafungwi mtu huko. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza kazi 2001 na kuchukua nafasi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, si mahakama. Hupokea malalamiko, huchunguza, husuluhisha, kisha huipendekezea mamlaka husika la kufanya. Basi haina meno? Inayo: mapendekezo yakipuuzwa, yenyewe inaweza kwenda mahakamani. Kulalamika ni bure, na barua ya mkono inatosha, hata mwandiko ukiwa mbaya kama wangu. Ila kesi yako ya kiwanja ikiwa tayari iko kwa hakimu, Tume haiigusi. Hapo ndipo wengi hununa.