Je, kuzidisha parasetamoli huondoa maumivu haraka?

Wengi tumekua tukiamini kwamba maumivu yakizidi, dawa nayo izidishwe: vidonge viwili visipotuliza kichwa, vimezwe vinne. Wazo hilo linaeleweka, hasa usiku ukiwa na maumivu makali. Lakini parasetamoli haifanyi kazi hivyo.

Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 4 hadi 6, bila kuvuka vidonge 8 kwa saa 24. Ukivuka hapo, kinachoongezeka ni mzigo wa ini. Sehemu ndogo ya dawa hii hugeuka sumu ndani ya ini, na ini huizima sumu hiyo kwa akiba yake ya kemikali za kinga. Dozi ikizidi mno, akiba huisha na seli za ini huanza kufa. Kinachonitia hofu zaidi ni ukimya wake: siku ya kwanza mtu anaweza kujisikia mzima kabisa. Aliyezidisha aende hospitali hata kama haumwi, kwa sababu tiba ya kuzuia madhara ipo na hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahi.

Kuhakiki si kazi kubwa. Geuza pakiti usome kilichomo na miligramu zake, usiishie kwenye jina la biashara. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli, na hapo ndipo watu huzidisha bila kujua. Watoto hupimiwa kwa uzito. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana amuulize mfamasia kwanza.