Mpelelezi mwandamizi wa magereza ni nani, na anapeleleza nini?

Ukitaja upelelezi na gereza kwa pamoja, wengi hudhani kazi imeshakwisha: polisi walikamata, mahakama ikahukumu, mtu yuko ndani anatumikia. Lakini gereza ni mahali ambapo mamia au maelfu ya watu wanakula, wanaugua, wanagombana na wengine wanafia humo, chini ya watumishi wenye funguo, marungu na mamlaka. Simu huingia. Bangi huuzwa. Mfungwa hupigwa, fedha za chakula hupotea, mtu hukutwa amekufa ndani ya selo. Mpelelezi wa magereza ni ofisa ambaye kazi yake ni kujua nini hasa kilitokea, kukithibitisha kwa ushahidi, na kuandika ripoti inayoweza kusimama mbele ya kamati ya nidhamu, mwendesha mashtaka au jaji.

Akiitwa mwandamizi, maana yake jalada lake ni zito zaidi na wengine wanafanya kazi chini yake. Ndiye anayepanga upelelezi uanzie wapi, anayesoma kila maelezo yaliyochukuliwa na wadogo zake na kuyarudisha yakiwa na mapengo, anayeweka saini kwenye ripoti, na ndiye atakayeitwa mahakamani kubanwa maswali miaka miwili baadaye, wakati mashahidi wengine wameshahamishwa au wamemaliza vifungo vyao.

Si askari wa lindo, wala si polisi wa kawaida. Kesi ikiwa ya jinai polisi huletwa, na mara nyingi wao ndio hubeba mashtaka. Yeye huwa ameshalijua gereza lenyewe: zamu zinabadilika saa ngapi, nani hushika funguo za mabweni usiku, mlango gani haufungi vizuri, mfungwa gani ana sauti kuliko askari.

Kwa mfano halisi nimechagua Afrika Kusini, kwa sababu huko kazi hii imeandikwa kwenye sheria na imejaribiwa hadharani, na tukio moja kubwa liliishia Arusha.

Sheria ya magereza ya nchi hiyo, Na. 111 ya mwaka 1998, inaweka ngazi kadhaa. Ndani ya idara yenyewe kuna kitengo cha upelelezi kilichotajwa kwenye kifungu cha 95A, kinachoshughulikia wizi, udanganyifu, rushwa na ukiukwaji mwingine. Kifungu cha 95B kinaweka kitengo tofauti cha kuwafikisha watumishi kwenye nidhamu. Kugawa kazi namna hiyo kuna busara, kwani anayekusanya ushahidi si yule anayesimama kuutetea mbele ya kamati. Halafu nje ya idara kuna ofisi inayoongozwa na jaji, iitwayo kwa kifupi JICS, ambayo hukagua magereza na kupokea taarifa. Mkuu wa gereza analazimika kumjulisha Jaji Mkaguzi kila kifo mara moja, na matumizi ya nguvu pia yanaripotiwa kwake. Jaji akipokea taarifa ya kifo anaweza kufanya uchunguzi mwenyewe au kumwagiza Kamishna wa Magereza aufanye.

Lakini maandishi ya sheria peke yake hayatoshi. Mwaka 2002 wafungwa wa gereza la Grootvlei, Bloemfontein, walirekodi kwa siri video iliyowaonyesha askari wakiwauzia wafungwa pombe, dawa za kulevya na hata bastola, na kumkabidhi mfungwa kijana kwa ajili ya ngono. Nchi nzima iliiona kwenye televisheni. Tume ya Jaji Thabani Jali, iliyokuwa imeundwa mwaka 2001 kuchunguza rushwa na ukatili magerezani, ilipata ushahidi ambao hakuna aliyeweza kuuita uvumi. Ushahidi huo ulirekodiwa na wafungwa wenyewe. Ofisi zenye vyeo, fomu na mihuri zilikuwepo siku zote hizo.

Sasa tuje Mangaung.

Gereza la Mangaung liko pia Bloemfontein, lina nafasi ya karibu wafungwa 3,000, na lilikuwa likiendeshwa na kampuni binafsi ya G4S kwa mkataba na serikali. Alfajiri ya tarehe 3 Mei 2022 moto uliwaka katika selo namba 35, ambamo alifungwa peke yake Thabo Bester, mtu aliyekuwa na kifungo cha maisha kwa mauaji baada ya kuwanasa wanawake kupitia Facebook. Ulikutwa mwili ulioungua vibaya. Taarifa iliyotoka ilikuwa fupi: mfungwa amejichoma moto.

Mpelelezi asiye na uzoefu angeandika hivyo na kufunga jalada. Mlango ulikuwa umefungwa, mtu ni mmoja, moto ni mmoja. Mwandamizi huanza kwa kukataa kukubali hata jina la marehemu. Nani amemtambua? Kwa uso, wakati uso haupo? Kwa kuwa tu selo ilikuwa yake? Alama za vidole zikishindikana, kuna meno, na meno yasipotosha kuna vinasaba. Mpaka hapo, kwenye ripoti marehemu ni mwili uliokutwa selo namba 35, basi.

Kisha daktari. Mtu aliyekufa kwa moto huwa amevuta moshi, na masizi huonekana ndani ya njia yake ya hewa. Kwenye mwili ule hayakuwepo. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba mtu huyo alikufa kwa kupigwa kichwani na kitu butu, na kwamba alikuwa ameshakufa kabla moto haujawaka. Sentensi hiyo moja ya daktari inageuza kila kitu. Mtu hajichomi akiwa maiti. Kwa hiyo ama mfungwa ameuawa ndani ya selo iliyofungwa, ambayo ufunguo wake unashikwa na watumishi, ama aliyelala pale si mfungwa. Njia zote mbili zinapita kwa mtu mwenye ufunguo.

Hapo ndipo karatasi za gereza zinapopata thamani. Kitabu cha funguo, kitabu cha matukio, daftari la getini, orodha ya zamu, daftari la zahanati, picha za kamera. Mpelelezi mzuri huvichukua vitabu hivi saa ya kwanza, vile vilivyo, kabla mtu hajapata nafasi ya kuvisahihisha. Huvisoma si kwa maneno tu. Doria ya kila saa iliyoandikwa kwa kalamu moja, kwa mwandiko uliotulia mno kutoka saa sita usiku hadi asubuhi, pengine iliandikwa yote kwa mkupuo mmoja asubuhi. Upande wa mashtaka katika kesi hii unadai kwamba maiti iliingizwa gerezani ndani ya kabati la televisheni. Kama ni kweli, kabati hilo lilipita getini, na getini kuna daftari na kuna mtu anayeandika. Miongoni mwa walioshtakiwa wamo waliokuwa watumishi wa kampuni na fundi wa kamera. Kesi yao ilifikishwa mahakamani, na hatia ni ya mahakama kuamua.

Kinachouma ni muda. Tovuti ya habari ya GroundUp ilianza kuandika mashaka yake Novemba 2022. JICS ilikuwa na mashaka pia na ikayapeleka kwa mamlaka. Lakini ni Machi 2023 tu polisi walipotangaza kwamba vinasaba vya mwili ule si vya Bester. Yeye alikamatwa Arusha mwezi Aprili 2023 akiwa na wenzake wawili, na Tanzania ikamrudisha Afrika Kusini siku chache baadaye. Karibu mwaka mzima ulipita tangu moto. Wakati huo wote kulikuwa na familia iliyokuwa ikimtafuta kijana wao, kumbe mwili wake ulikuwa ukiitwa jina la mtu mwingine. Nikifikiria thamani ya kazi hii, huyo kijana ndiye ninayemfikiria kwanza, kabla ya mtoro aliyeandikwa na magazeti ya dunia.

Kesi kama ile ni za nadra. Kazi ya kila wiki ni ndogo kuliko hiyo na kwa namna fulani ni ngumu zaidi. Tuseme mfungwa analalamika kwamba askari walimpiga kwa rungu wakati wa upekuzi. Askari watatu wanaandika maelezo yanayofanana neno kwa neno: mfungwa alishambulia, nguvu kiasi ilitumika. Mpelelezi anaomba mfungwa avue shati. Rungu likimpiga mtu kwa nguvu huacha michirizi miwili sambamba, na ngozi ya katikati yake haivilii damu. Michirizi hiyo ikiwa mgongoni, yule mtu alikuwa amegeuka au amelala. Ikiwa upande wa nje wa mikono, alikuwa akijikinga. Kwenye ngozi nyeusi majeraha haya hayaonekani vizuri siku ya kwanza, kwa hiyo picha hupigwa pamoja na rula, kisha hurudiwa baada ya siku mbili tatu. Ofisa anayemtazama mtu kwa dakika moja kwenye korido yenye giza na kuandika "hana alama" hajapeleleza chochote.

Halafu kuna ukimya. Askari hawachongeani, kwa sababu kesho utahitaji mwenzako aje mbio ukivamiwa bwenini. Wafungwa nao hawasemi, maana anayesema analala na wale aliowasema, na katika magereza ya Afrika Kusini magenge ya Namba, yaani 26, 27 na 28, yana sheria zao na adhabu zao. Kwa hiyo namna ya kuhoji ni suala la uhai wa mtu. Ukimwita mfungwa mmoja ofisini mbele ya bweni zima umeshamtangaza. Wazoefu huwaita wote, mmoja mmoja, kwa muda unaolingana, hata wale ambao hawana la kusema. Wengine husubiri mtu anapopelekwa zahanati au mahakamani. Na shahidi akishatoa maelezo, swali la atalala wapi usiku huo linatakiwa liwe na jibu kabla hajainuka kwenye kiti. Kwa maoni yangu mpelelezi asiyeuliza swali hilo asipewe kazi hii, hata awe na vyeti vingapi.

Kuna jambo la kisheria ambalo wengi hulichanganya. Tukio moja linaweza kuwa na njia mbili: nidhamu na jinai. Kwenye nidhamu mwajiri anahitaji kuonyesha kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa jambo lilitendeka kuliko kutotendeka. Kwenye jinai lazima ithibitishwe pasipo kuacha shaka yenye msingi. Tena mwajiri anaweza kumwamuru mtumishi wake ajibu maswali, ilhali mtuhumiwa wa jinai ana haki ya kunyamaza. Marekani ilikumbana na tatizo hili mapema: mwaka 1967 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Garrity dhidi ya New Jersey, iliamua kwamba maelezo ya askari polisi aliyetishiwa kufukuzwa kazi asipojibu hayawezi kutumika dhidi yake kwenye kesi ya jinai. Ndiyo maana mpelelezi mwandamizi huamua mwanzoni kabisa anafuata njia ipi, na mara nyingi hukaa na mwendesha mashtaka kabla ya kumhoji mtuhumiwa. Akikosea mpangilio, mhalifu anaachiwa kwa kosa lisilo lake.

Baada ya yote hayo linabaki swali la anamjibu nani. Mpelelezi aliye ndani ya idara ana ufikiaji: anaingia saa yoyote, anajua lugha ya mahali, anafungua kabati lolote. Lakini mshahara wake, uhamisho wake na gari lake la kazi vinatoka kwa watu ambao huenda kesho akawapeleleza. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa mwaka 2015, zinaligusa hili katika kanuni ya 71: kifo, kutoweka au jeraha kubwa gerezani kiripotiwe bila kuchelewa kwa mamlaka huru isiyo chini ya uongozi wa gereza. Kenya ina kipengele chenye roho hiyohiyo. Kifungu cha 387 cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai kinataka hakimu aliye karibu achunguze mtu anapofia mikononi mwa polisi au magereza.

Hata ofisi ya jaji kule Afrika Kusini haikuwa huru vya kutosha. Bajeti yake ilipitia kwenye idara ileile inayokaguliwa, na mwenendo wa mtendaji wake mkuu ungeweza kuamuliwa na Kamishna wa Magereza. Shirika la Sonke Gender Justice lilikwenda mahakamani, na tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na katiba, na Bunge likapewa miezi 24 kurekebisha. Moto wa selo namba 35 uliwaka ndani ya miezi hiyo 24.

Na mapendekezo ya JICS hayamlazimishi mtu. Jaji Edwin Cameron, aliyekuwa Jaji Mkaguzi wakati wa sakata la Bester, alikuwa jaji wa Mahakama ya Katiba kabla ya hapo, mahali ambapo neno lake lilikuwa amri. Kwenye ukaguzi wa magereza aliandika, alishauri, aliita waandishi, alikwenda bungeni kueleza. Idara inaweza kuipokea ripoti, kushukuru, na kuiweka kabatini.