Naitriki oksaidi sio ile gesi ya dentist

Juzi kwenye arusi huku Majengo nimemsikia tena mtu akiwaeleza wenzake eti homoni ya kike, estrojeni, inatoa ile gesi ya kuchekesha ya kung'olea meno na ndo maana wanawake hawashikwi na ugonjwa wa moyo. Mara ya tatu hii naisikia, na safari hii aliyekuwa akiambiwa ni mamangu mdogo, ana presha na hedhi imekoma miaka sita sasa. Akaweka sahani ya biriani chini akasema basi vile vidonge ananywa vya nini. Sikuweza kunyamaza.

Maana yenyewe ni fupi. Ndani ya mshipa wa damu kuna utando mwembamba wa seli, seli hizo zikiguswa na estrojeni zinatengeneza naitriki oksaidi, nayo inapenya kwenye misuli ya mshipa inailegeza, mshipa unatanuka, damu inapita bila kusukumwa kwa nguvu. Haikai, sekunde chache imeisha. Wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad wa Marekani walipewa tuzo ya Nobel 1998 kwa kugundua kazi hiyo, na kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi mtu akibanwa kifua kinasaidia kwa kutoa naitriki oksaidi hiyo hiyo.

Sasa jina, manake hapa ndo watu wanapotea. Naitriki oksaidi ni nitrojeni moja na oksijeni moja. Ile ya dentist ni naitrasi oksaidi, nitrojeni mbili kwa oksijeni moja. Wakemia wa zamani walikuwa wakitumia mwisho wa neno kupima, ya "-iki" ina oksijeni nyingi kuliko ya "-asi", kwa hivyo mwisho huo ndo umebeba habari yote. Mtu akikutuma papa ukamletea papai utamwambia ni herufi moja tu? Na mwanzo wa neno nao una hadithi, kwa Kigiriki nitron ilikuwa magadi, yale Wamisri wa kale waliyokuwa wakikaushia maiti, alafu jina likahamia kwenye shura, ile ya kutengenezea baruti, na 1790 gesi moja ya hewani ikaitwa nitrojeni yaani kinachozaa shura. Kwa hivyo zote mbili zimetoka kwa babu mmoja, lakini moja inalegeza mishipa na nyingine inakupoza maumivu kitini kwa daktari wa meno.

Na hilo la "hawashikwi" pia si kweli. Estrojeni ikishuka hedhi ikikoma, naitriki oksaidi inapungua, mishipa inakuwa migumu, presha inapanda. Kwa wanawake moyo huja wastani kama miaka 10 baada ya wanaume, umechelewa tu. Wala usikimbilie vidonge vya homoni ukidhani utaurudisha ujana wa mishipa, 2002 utafiti mkubwa Marekani wa estrojeni pamoja na projestini, homoni nyingine ya kutengenezwa, ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu ya saratani ya matiti, damu kuganda, kiharusi na moyo wenyewe.

Nikamwambia pole pole, mama, huyu hakukosea yote, estrojeni kweli inalinda mishipa, ila amekosea gesi na amekosea umri wako. Vidonge vya presha usiviache.