Matabaka matatu ya mwili: maswali na majibu kuhusu wiki nne za mwanzo za mimba

Wanawake wengi hufika kliniki ya wajawazito kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi mitatu, minne au zaidi. Wakati huo ubongo na mgongo wa mtoto vimeshafungwa zamani, na kama kulikuwa na kosa katika ufungaji huo, vidonge vinavyotolewa siku hiyo haviwezi kulirekebisha. Maelezo haya yanahusu kile kinachotokea kabla ya kliniki.

Swali: Mtoto huanza na seli moja. Hayo matabaka hutoka wapi?

Jibu: Yai likisharutubishwa hugawanyika kuwa seli mbili, kisha nne, kisha nane, huku likisafiri katika mrija wa uzazi kuelekea kwenye mji wa mimba. Kufikia siku ya 5 huwa limekuwa kifuko kidogo cha seli chenye uwazi ndani, na kati ya siku ya 6 na ya 10 hivi hujipachika katika ukuta wa mji wa mimba. Seli nyingi za kifuko hicho hutengeneza kondo la nyuma na utando wake. Ni kikundi kidogo tu cha seli za ndani kinachokuwa mtoto mwenyewe.

Wiki ya pili kikundi hicho hujipanga kama kisahani chembamba chenye matabaka mawili. Wiki ya tatu, kuanzia siku ya 15 hivi, hutokea mfereji mdogo juu ya kisahani, seli za tabaka la juu huuendea, hutumbukia ndani yake na kutandaa chini, hata yanapatikana matabaka matatu yaliyolaliana kama shuka tatu juu ya kitanda kimoja. Hapo hakuna moyo, jicho wala mkono, lakini kila kiungo cha mwili kitatoka katika mojawapo ya matabaka hayo, au katika kadhaa yaliyoshirikiana. Christian Pander aliyaeleza matabaka hayo mwaka 1817 kwa kuchunguza mayai ya kuku yaliyoatamiwa, na kwetu sisi binadamu mpangilio ni huohuo.

Swali: Kila tabaka hutengeneza nini?

Jibu: Tabaka la nje hutengeneza ngozi ya juu, nywele, kucha, gamba gumu la meno, pamoja na ubongo, ugwe wa mgongo (kamba ya fahamu inayopita ndani ya uti wa mgongo) na mishipa ya fahamu. Tabaka la kati hutengeneza mifupa, misuli, moyo, damu, figo, na ngozi ya ndani. Tabaka la ndani hutengeneza utando unaofunika njia ya chakula na njia ya hewa kwa ndani, pamoja na ini na kongosho.

Viungo vingi ni kazi ya ushirika. Utumbo, kwa mfano, una utando wa ndani uliotoka katika tabaka la ndani, misuli ya kusukuma chakula iliyotoka katika tabaka la kati, na mishipa ya fahamu inayoiamuru misuli hiyo, ambayo asili yake ni tabaka la nje. Kinachowashangaza watu zaidi ni kwamba ubongo na ngozi ya juu ni ndugu wa tabaka moja, na undugu huo ndio unaotupeleka kwenye hatari yenyewe.

Swali: Hatari gani hiyo?

Jibu: Mwishoni mwa wiki ya tatu, sehemu ya katikati ya tabaka la nje hunenepa na kuwa kama ubao mwembamba. Kingo zake mbili huinuka, huinamiana, na kuanzia siku ya 22 hivi hushikana katikati, mfano wa mtu anayekunja ukili wa mkeka kuwa bomba. Mshikamano huo huendelea kuelekea kichwani na kuelekea kiunoni. Tundu la upande wa kichwa hufungwa karibu na siku ya 25, na la upande wa chini karibu na siku ya 28. Bomba hilo ndilo litakalokuwa ubongo na ugwe wa mgongo.

Upande wa chini usipofungika, mtoto huzaliwa na mgongo wazi: uti wa mgongo una nafasi, na mishipa ya fahamu hutokeza nje, wakati mwingine ndani ya kifuko cha maji, wakati mwingine bila kifuniko chochote. Anaweza kukosa nguvu za miguu na kushindwa kudhibiti mkojo na choo, na wengi wao hupata pia kichwa kikubwa kwa sababu maji ya ubongo hayapiti inavyotakiwa. Upande wa kichwa usipofungika, sehemu kubwa ya ubongo na fuvu haijengeki, na mtoto wa namna hiyo hufia tumboni au hufariki muda mfupi baada ya kuzaliwa.

Swali: Siku ya 28 nitakuwa nimeshajua kwamba nina mimba?

Jibu: Siku hizi zinahesabiwa tangu yai liliporutubishwa. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka na kurutubishwa takriban siku ya 14 ya mzunguko, kwa hiyo hedhi anayoitarajia ikikosekana, kiinitete, yaani mtoto katika hatua hii ya mwanzo, huwa na wiki mbili, na siku ya 28 huja wiki mbili tu baadaye. Ambaye hedhi yake hupishana, au anayenyonyesha na hajaiona bado, anaweza asitambue lolote mpaka bomba limeshafungwa au limeshindwa kufungwa.

Swali: Basi kuna la kufanya mapema?

Jibu: Lipo, na ni la bei nafuu: kumeza foliki asidi kabla ya kushika mimba. Foliki asidi ni vitamini ya kundi B ambayo seli huihitaji ili zigawanyike, na seli za bomba hilo hugawanyika kwa kasi kubwa. Utafiti ulioongozwa na Uingereza na kutangazwa mwaka 1991 uliwafuatilia wanawake waliowahi kupata mimba yenye tatizo hili, na ulionyesha kwamba foliki asidi ilizuia takriban asilimia 72 ya marudio. Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 kila siku tangu mwanamke anapoanza kutafuta mimba hadi mimba inapofikisha wiki 12.

Waliowahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji kipimo kikubwa zaidi, ambacho daktari ndiye anayekipanga. Mwenye kisukari anapaswa kuonana naye kabla ya mimba, na vilevile anayetumia dawa ya kifafa iitwayo valproeti, ambayo huongeza hatari hii. Lakini asiiache dawa hiyo kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa sababu kifafa kisichodhibitiwa kinaweza kumwua. Pia usijiongezee vidonge vya miligramu 5 kwa kudhani kwamba kingi ni bora. Kipimo hicho hupunguza nguvu ya SP, dawa ambayo wajawazito hupewa kliniki ili kuzuia malaria.

Swali: Mchicha na maharage hayatoshi?

Jibu: Vyakula hivyo vina folati, yaani vitamini hiyohiyo katika umbo lake la asili, kama ilivyo kwa kunde na dengu, na ni vizuri kuvila. Shida ni kwamba folati huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto, hivyo mboga iliyochemshwa sana na kumwagwa maji yake hubaki na kidogo. Tanzania iliweka kanuni za kurutubisha unga wa ngano na wa mahindi mwaka 2011, na foliki asidi ni miongoni mwa virutubisho vinavyoongezwa. Hata hivyo, unga unaosagwa kwenye mashine ndogo za mtaani kwa kawaida hauongezwi kitu, na huo ndio unaoliwa katika nyumba nyingi.

Swali: Mtaani husemwa kwamba mama amerogwa au amelaaniwa.

Jibu: Mama huyo hakufanya kosa lolote. Tatizo hutokana na mchanganyiko wa urithi, lishe, magonjwa na dawa, na hutokea hata kwa aliyejitunza vyema. Maneno hayo yana madhara ya kweli: mama humficha mtoto ndani, na kichwa kinaendelea kukua.

Swali: Mtoto akizaliwa na mgongo wazi, tufanye nini?

Jibu: Mlazeni kifudifudi au ubavu. Kidonda kifunikwe kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, bila kupaka dawa za kienyeji, mafuta wala majivu, kisha apelekwe haraka kwenye hospitali yenye wapasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Kwa Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam na hospitali ya Bugando jijini Mwanza hufanya upasuaji huo. Uganda kuna hospitali ya CURE iliyoko Mbale, inayojulikana kwa upasuaji wa kichwa kikubwa usiolazimu kumwekea mtoto mrija. Mgongo hufungwa, inapowezekana, ndani ya siku mbili au tatu baada ya kuzaliwa ili kuzuia maambukizi ya utando wa ubongo. Wazazi wapime mzingo wa kichwa kila wiki na kuuandika kwenye kadi ya mtoto, kwa kuwa kichwa kinaweza kuanza kukua kupita kiasi hata baada ya mgongo kupona.