Haidroliki si aina ya klachi

Wiki iliyopita nilikuwa mtaa wa Gerezani, Dar, kwenye kaunta ya duka la spea, nasubiri niletewe plagi. Kando yangu alisimama jamaa mwenye Kirikuu, ile pikapu ndogo ya mizigo, mikono bado ina grisi, akauliza: “Kaka, klachi pleti ya haidroliki ya Kirikuu ipo? Hizi za waya zinaisha haraka sana.” Muuzaji, ambaye si mtu wa kumwacha mteja aende duka la pili, akajibu papo hapo: “Ipo, ila bei yake imechangamka.”

Nikanyamaza, maana biashara ya kaunta si yangu. Lakini maneno haya nimeshayasikia kwenye siti ya mbele ya daladala, kijiweni, hata kwa fundi mwenye ovaroli na kijana wa kumshikia tochi: kwamba kuna klachi ya waya, ya kizamani, inayokufa mapema, na kuna klachi ya haidroliki, ya kisasa, isiyoisha. Wengine hiyo ya pili wanaiita “klachi ya mafuta”, na wanaongeza kwamba haiungui kwa sababu inaoga mafuta. Hiyo ya kuoga ndiyo iliyonifanya niandike.

Maana yenyewe haina urefu. Klachi ni kiungo kinachounganisha na kuachanisha injini na giaboksi. Ndani yake kuna klachi pleti, sahani iliyovikwa pande zote mbili bitana, kitu kigumu cha jamii ya kile cha brekishuu. Presha pleti inaibana sahani hiyo kwenye flaiwili, gurudumu zito linalozungushwa na injini, vyote vinazunguka pamoja, gari linakwenda. Ukikanyaga pedeli, uma, yaani mkono wa chuma, unasukuma rilizi beringi, presha pleti inalegea, sahani inabaki huru, unabadili gia. Sasa, nguvu ya mguu inaufikiaje huo uma? Kwa njia ya kwanza, waya wa chuma uliosukwa unapita ndani ya ala yake na kuuvuta. Kwa njia ya pili, pedeli inasukuma masta ya juu, pampu ndogo yenye pistoni, mafuta ya breki yanapita kwenye bomba jembamba, masta ya chini inausukuma. Zipo gari ambazo masta ya chini imefichwa ndani, imezunguka shafti ya giaboksi na kuisukuma beringi moja kwa moja, ila kazi ni ileile.

Basi. Waya na haidroliki ni majina ya mjumbe anayetoka mguuni kwenda kwenye klachi. Klachi yenyewe haijui ujumbe umekuja kwa njia gani. Ukiweka mezani sahani ya gari la waya na sahani ya gari la mafuta, zitatofautiana ukubwa na idadi ya meno ya katikati, lakini hakuna alama itakayokuonyesha ipi ilikuwa inakanyagwa kwa waya na ipi kwa mafuta. Zote mbili ni kavu. Tena zinatakiwa ziwe kavu kabisa: oili ikipenya kutoka kwenye sili ya nyuma ya injini ikaigusa sahani, inaanza kuteleza, na mara nyingi dawa yake ni kuitupa.

Anayetaka kuiona klachi inayooga kweli asiende kwenye Land Cruiser, aende kwenye kijiwe cha bodaboda. Klachi ya pikipiki zile nyingi za mizunguko yetu ni rundo la sahani ndogondogo zinazozama kwenye oili ya injini. Bajaji vilevile. Na zote hizo zinavutwa na nini? Waya! Ule unaoonekana ukitoka kwenye mkono wa kushoto wa usukani. Klachi imelowa oili, mjumbe ni waya mkavu. Kwenye Hiace mjumbe ni mafuta, klachi ni kavu. Bodaboda amekaa juu ya jibu siku nzima na hakuna anayemuuliza.

Kosa hili naona limeanzia kwenye maneno yenyewe. Tazama tunavyofundishana udereva. Mwalimu anasema “shika klachi” akimaanisha kanyaga, na “achia klachi taratibu” akimaanisha toa mguu. Kumbe mguu ukishika, klachi ndiyo inaachia. Mguu ukiachia, klachi ndiyo inashika. Klachi tumeipachika jina kwenye pedeli, wakati kilichoitwa klachi kipo chini kwenye giaboksi. Waingereza waliotuuzia neno hili walilitoa kwenye kitenzi chao cha zamani, clyccan, kukunja vidole, kukaza ngumi. Yaani kazi ya klachi kwa jina lake ni kushika, na inashika muda wote ambao hujaigusa. Pedeli ipo kwa ajili ya kuinyima kazi kwa sekunde mbili tatu.

Na haidroliki? Hilo nalo limesafiri. Kwa Wagiriki, hydor ni maji na aulos ni ala ya kupuliza, ya jamii ya zumari yetu. Hydraulis kilikuwa chombo cha muziki, kinanda kilichopata pumzi kwa msukumo wa maji, na sifa ya kukibuni hupewa Ktesibios wa Aleksandria, karne ya 3 kabla ya Kristo. Zumari la maji! Kutoka hapo neno likahamia kwenye mitambo ya maji, kisha kwenye kila mtambo unaosukumwa na kimiminika kilichofungiwa. Blaise Pascal ndiye aliyeeleza kanuni yake, kwamba shinikizo kwenye kimiminika kilichofungiwa hufika kila upande bila kupungua, kwenye kitabu kilichotoka 1663, mwaka mmoja baada ya yeye kufa. Mwaka 1795 Joseph Bramah, fundi wa London, akapata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mashine ya kukandamizia iliyotumia kanuni hiyo. Masta ya juu na ya chini ni wajukuu wa mashine ile: ukifanya pistoni ya chini iwe na eneo mara mbili ya ile ya juu, nguvu inaongezeka mara mbili, ila inasogea nusu ya mwendo. Hakuna cha bure.

Waya nao wasiudharau kama kitu cha kuokota. Waya unaoweza kuvuta huku umepinda kona tatu ulipata hataza Uingereza mwaka 1896, ya Ernest Bowden, na ujanja wake wote upo kwenye ala: ala haikubali kufupika, kwa hiyo waya wa ndani ukivutwa huku, kule mwisho lazima kitu kisogee. Ndio huohuo unaovuta breki ya baiskeli.

Halafu kuna neno “mafuta”. Dar mafuta ni petroli, ni dizeli, ni ya kupikia, ni ya kujipaka, na pia ni kile kilichomo kwenye kikopo cha breki. Hicho cha mwisho si mafuta kwa maana ya kuteleza. Kile cha kawaida, kilichoandikwa DOT 3 au DOT 4, ni kimiminika cha jamii ya glaikoli; kinachanganyika na maji, na kwa hewa yetu hii ya bahari kinayanywa maji taratibu hata kama hukifungui. Maji hayo yanakula kuta za masta kwa kutu, kutu inakwaruza raba, raba inavujisha. Na mtu aliyeelewa “klachi ya mafuta” kwa masikio tu anaweza kuongezea oili ya injini kwenye kikopo. Raba zinavimba kama maandazi. Nimewahi kuziona, zimekataa hata kutoka.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linaniuma zaidi ya sarufi. Nilikuwa na Corolla 100, ya gia za mkono, haidroliki. Asubuhi moja pale Tabata ikakataa rivasi: gia inasaga, mtaa mzima unageuka. Pedeli ilikuwa laini kama godoro. Nikipampu mara tatu, gia inaingia kwa adabu. Fundi wa gereji moja, ambayo siitaji, akasikiliza sekunde kumi akasema, “Klachi imekufa, bosi.” Giaboksi ikashushwa, pleti mpya, presha mpya, beringi mpya. Nikalipa fedha ya kodi ya nyumba ya miezi miwili. Gari likashushwa chini, likawashwa, rivasi ikasaga vilevile. Ndipo kijana wa tochi akainua kapeti ya dereva: limelowa. Masta ya juu ilikuwa inavujia ndani ya gari. Raba mbili ndogo, wakatoa upepo, kazi ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Pleti ya zamani ninayo mpaka leo, ribiti zinazoishikilia bitana bado zimezama ndani yake kabisa. Ilikuwa na miaka mbele yake.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Kwetu gereji mjumbe ndiye mgonjwa, na aliyepelekewa ujumbe ndiye anayechinjwa.

Kiswahili kingetutosha kabisa hapa kama tungekitumia. Klachi ina magonjwa mawili makubwa: haishiki, au haiachi. Isiposhika, injini inanguruma, mshale wa mizunguko unapanda, gari halikazi mwendo, na mlima wa Kimara unanuka kuungua. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni sahani yenyewe. Isipoachia, gia zinasaga, rivasi inalia, gari linataka kusogea na pedeli ipo chini. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni mjumbe: waya umelegea au nyuzi zake zimeanza kukatika moja moja, au masta imevuja, au upepo umeingia. Kama kupampu kunasaidia, usiruhusu mtu aguse giaboksi kabla hajaangalia kikopo, masta zote mbili na kapeti.

Ukweli una pembe zake, sikatai. Waya uliokazwa kupita kiasi unaweza kuizuia klachi isishike sawasawa, maana ni kama mguu umeachwa juu ya pedeli usiku na mchana. Lakini hiyo ni kazi ya spana na dakika kumi. Tena sahani ikiendelea kulika, ule mchezo mdogo wa pedeli ya waya, nafasi inayokanyagika kabla waya haujakaza, unapungua, kwa hiyo dereva anajua mapema. Haidroliki inajirekebisha kimyakimya, starehe tupu, mpaka siku sahani inapoanza kuteleza. Na jambo wengi hawalijui: kwenye gari lenye kikopo cha klachi peke yake, sahani ikilika kiwango cha mafuta hakishuki kama kwenye breki, kinapanda kidogo. Kikishuka, tafuta panapovuja.

Kwa nini basi viwanda vikaweka mafuta kwenye Canter na Coaster na waya kwenye Kirikuu? Kwa sababu gari zito lina presha pleti ngumu, na dereva wa Coaster anayekanyaga pedeli kutoka Mbagala hadi mjini angekuwa na goti moja tu kufikia jioni. Kirikuu ni jepesi, waya unatosha, ni rahisi, na unabadilishwa barabarani. Kinachomaliza sahani ya Kirikuu ni mchanga uliojazwa hadi mabawa ya bodi yanatanuka, na dereva anayelizuia gari kwenye mwinuko kwa nusu klachi badala ya handibreki. Ukimfungia masta mbili na bomba la dhahabu, mwendo huohuo utaila sahani hiyohiyo.

Yule ndugu niliyemwacha kaunta ningemwambia taratibu, bila kumwaibisha mbele ya muuzaji: kaka, gari yako inakanyagwa kwa waya, na klachi yake ni klachi kama za wenzio. Akirudi Gerezani aombe klachi pleti ya Kirikuu, ataje modeli, na aende na ile ya zamani mkononi ili wahesabu meno ya katikati na kupima upana. Waya, kama nao umeanza kuchomoza nyuzi, uko rafu nyingine.