Je, wajua? Upasuaji wa kiungulia sugu haupunguzi tindikali

Katika maduka ya dawa ya Uganda, kuanzia Busia hadi Gulu, maumivu karibu yote ya juu ya kitovu huitwa alsa. Mwenye kidonda ana alsa, mwenye kiungulia ana alsa, aliyekula usiku akalala na shibe naye ana alsa. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba kiungulia kilichomsumbua miaka mingi kinaweza kutibiwa kwa upasuaji, hudhani daktari atamkata kipande cha tumbo, au atazima kile kinachotengeneza tindikali.

Mfuko wa chakula haukatwi wala tindikali haizimwi. Mgonjwa hutoka chumba cha upasuaji na mfuko wake wa chakula mzima, na tindikali ni ileile, kwa kiasi kilekile. Kilichotengenezwa ni mlango.

Dhana hiyo potofu ina asili yake, na asili hiyo ni ya kweli. Mwaka 1943 Lester Dragstedt wa Chicago alianza kutibu vidonda vya tumbo kwa kukata neva ya vagasi, ambayo huuamuru mfuko wa chakula utoe tindikali. Kwa miongo kadhaa upasuaji wa namna hiyo ulikuwa wa kawaida duniani. Neva ikikatwa, mfuko hushindwa kumwaga chakula vizuri, hivyo mara nyingi ilibidi tundu lake la chini lipanuliwe pia. Kisha Barry Marshall na Robin Warren wa Australia wakaonyesha, kuanzia 1982, kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria, na vidonge vikachukua nafasi ya kisu. Wazee waliofanyiwa upasuaji ule bado tunao, na simulizi zao ndizo tunazozisikia neno upasuaji linapotajwa. Walichotibiwa ni kidonda. Kiungulia ni ugonjwa mwingine.

Watu wengi wenye kiungulia wana tindikali ya kawaida kabisa. Ndani ya mfuko wa chakula iko nyumbani kwake, kwa kuwa kuta zake zimepakwa ute mzito wa kujilinda. Umio, yaani bomba linaloshusha chakula kutoka kooni, hauna kinga ya namna hiyo, hivyo tindikali ikipanda humo huunguza. Omeprazole, dawa ya kuzuia tindikali, hupunguza ukali wa kinachopanda, lakini haikizuii kupanda. Ndiyo maana mtu anayemeza dawa kila siku anaweza kupona moto wa kifuani, na bado akaamka usiku wa manane chakula kimemjaa kooni.

Kilango cha chini ya umio ni msuli wa duara wa sentimita 3 hadi 4. Husaidiwa na kiwambo, ule ukuta wa msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ambao huubana umio pale unapopenya. Tundu la kiwambo likilegea, sehemu ya mfuko wa chakula huteleza kwenda kifuani. Hiyo ndiyo ngiri ya kiwambo, na hapo wasaidizi hawa wawili huwa wametenganishwa. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Lira na kisha Mulago, alidai katika miaka ya 1970 kwamba ngiri hii ilikuwa adimu Afrika kwa sababu watu walikula vyakula vyenye nyuzinyuzi na hawakujikamua chooni. Ni wazo la kuvutia, ila ushahidi wake ni mwembamba: usipowapima watu wengi kwa eksirei ya kunywa bariamu, dawa nyeupe inayoonekana kwenye picha, ngiri nyingi hutazigundua.

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe, unaoitwa fandoplikesheni. Sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, iliyo kama kuba, huvutwa nyuma ya umio na kuuzungushia mwisho wake, kisha hushonwa mbele. Fikiria mkanda wa kupimia presha ukiwa mkononi. Kabla ya kupulizwa umelegea, hata kidole kinapita. Ukijazwa hewa, unabana. Mzingo ule nao ni mfuko wenyewe, kwa hiyo shinikizo likipanda ndani ya mfuko, hupanda ndani ya mzingo pia, nao huubana umio. Ukiinama kuchota maji, ukikohoa au ukibeba gunia, nguvu ileile inayosukuma tindikali juu ndiyo inayofunga mlango. Chakula kinaposhuka mfuko haujabanwa hivyo, nacho hupita.

Kuna jambo la pili. Puliza puto uone shingo yake inavyofupika kadiri linavyojaa. Baada ya mlo mkubwa kilango cha umio hufupika hivyohivyo, na kutanuka kwa kuba huamsha neva zinazokilegeza kwa sekunde kadhaa ili hewa itoke. Kuba likishashonwa kuzunguka umio, haliwezi kutanuka kama zamani.

Ugunduzi wenyewe ulikuja kwa njia ya kando. Mwaka 1936, akiwa Istanbul, daktari mpasuaji Rudolf Nissen alikata sehemu ya chini ya umio wa mgonjwa mwenye kidonda, akaunganisha upya, na kufunika kiungo kwa mikunjo ya mfuko wa chakula ili kisivuje. Baadaye iligundulika kwamba mgonjwa hana kiungulia. Nissen alirudi kwenye wazo hilo akiwa Basel mwaka 1955. Huyu ndiye aliyempasua Albert Einstein mwaka 1948 na kuufunga kwa selofani mshipa mkuu wa damu uliovimba. Einstein akaishi miaka mingine saba.

Tangu 1991 kazi hii hufanywa kwa laparoskopi, yaani kwa kamera na vyombo vyembamba vinavyopitishwa kwenye matundu madogo. Mgonjwa hupewa nusukaputi, matundu matano hivi hutobolewa, na tumbo hujazwa kaboni dioksidi. Ini huinuliwa pembeni. Umio huachanishwa na nyama zinazoushikilia hadi sentimita 2 au 3 zikae ndani ya tumbo bila kuvutwa. Zikivutwa, mzingo utapanda kifuani siku moja. Tundu la kiwambo hushonwa kwa uzi usioyeyuka. Mishipa midogo kati ya kuba na bandama hukatwa, na hapa damu huweza kumwagika. Kisha kuba hupitishwa nyuma ya umio na kuvutwa huku na huku kama mng'arisha viatu avutavyo kitambaa, kuhakikisha halijajisokota. Mara nyingi mpira wa unene wa karibu milimita 20 huwekwa ndani ya umio ili mshono usikaze mno. Mishono miwili au mitatu inatosha, na mzingo uwe na urefu wa sentimita 2 hivi. Ukiwa mrefu zaidi, chakula hukwama.

Kukwama kidogo katika wiki za mwanzo ni kawaida kwa sababu ya uvimbe. Uji, supu na matoke laini ndivyo vya kula; posho ngumu, chapati na muchomo vinangoja wiki 4 hadi 6. Soda iachwe, maana kubeua kutakuwa kugumu, kutapika pia, na gesi isiyotoka juu hujaza tumbo na kushukia chini. Kwa ajili hiyo wapasuaji wengi huchagua mzingo wa Toupet, unaozunguka nyuzi 270 tu. Upo pia mkufu wa shanga za sumaku unaovishwa mwisho wa umio badala ya mzingo, ulioidhinishwa Marekani mwaka 2012. Kwa mwenye unene uliokithiri, upasuaji wa kuukwepesha mfuko wa chakula humfaa zaidi, ilhali ule wa kuufanya mfuko uwe mwembamba kama mkono wa shati mara nyingi huchochea kiungulia.

Mafanikio yapo, lakini si ya milele kwa kila mtu. Nchini Sweden, kati ya wagonjwa 2,655 waliofuatiliwa, asilimia 17.7 walirudiwa na kiungulia. Na wengi wanaodhani wanahitaji kisu hawakihitaji. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2019, wagonjwa 366 walikuwa wameambiwa kwamba dawa imewashinda. Walipofundishwa kumeza omeprazole ipasavyo, mara mbili kwa siku kabla ya kula, 42 walipata nafuu. Wengine 99 walikuwa na maumivu yasiyotokana na tindikali kupanda. Wengine waliondolewa kwa sababu nyinginezo, na waliobaki kwa ajili ya jaribio walikuwa 78 tu, na kati yao upasuaji ulifaulu kwa asilimia 67, dawa kwa asilimia 28.

Kwa hiyo kabla ya kukubali, endoskopi peke yake haitoshi. Inatakiwa pia kupimwa tindikali ndani ya umio kwa saa 24, na manometri inayopima nguvu za misuli yake. Vipimo hivi viwili ni vigumu kupatikana kuliko endoskopi, hata Kampala. Ikikosekana manometri, usikose walau eksirei ya bariamu, kwa sababu upo ugonjwa uitwao akalasia ambao kilango hukataa kufunguka, chakula huoza ndani ya umio, na mgonjwa huhisi moto uleule wa kiungulia. Huyo akifungiwa mzingo, hata maji yatamshinda kumeza.